Ushahidi Kwanza, Koleo Baadaye

Haya ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Unguja, juu ya kutumia akili mnemba kutafuta ushahidi utakaosaidia kinga na tiba ya meno ya wananchi.



Katika meno yote ya binadamu, hapana linalodhulumiwa kama gego la kwanza la ukubwani. Jino hili huota mtoto anapofikia umri wa miaka 6 hivi, yaani wakati ule ule anapoingia darasa la kwanza. Huota nyuma ya meno ya utotoni, kimya kimya, wala halingojei jino jingine ling'oke ndipo nalo lichomoze. Kwa sababu hiyo wazazi wengi, wa mjini na wa shamba, hulidhania kuwa ni jino la utoto. Likitoboka husema: "Liache, litang'oka lenyewe." Haling'oki lenyewe, na likishang'olewa kwa koleo haliotei jingine. Mtoto aliyepoteza magego hayo kabla ya kumaliza skuli huingia utu uzima na kinywa kilichopungukiwa, baada ya usiku mwingi wa maumivu na siku nyingi za kukosa masomo.

Namna jino linavyooza inajulikana vyema. Juu ya meno hukaa ukoga, na ndani ya ukoga huishi vijidudu ambavyo hula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo hunyonya madini ya gamba la jino. Mate hufanya kazi ya kuyarudisha madini hayo, lakini yanahitaji nafasi ya kuifanya kazi hiyo. Mtoto anayekunywa chai ya sukari asubuhi, akanunua ubuyu wa rangi kwenye lango la skuli saa nne, akala kashata mchana, na akamalizia kwa maji ya miwa jioni, hayapi mate yake nafasi ya kupumua. Mbali na wingi wa sukari yenyewe, idadi ya mara ambazo sukari inaingia kinywani ina uzito mkubwa. Jambo hilo lilionekana wazi nchini Sweden, katika hospitali ya Vipeholm, kati ya mwaka 1945 na 1953, ambapo watu wenye ulemavu wa akili walipewa peremende za kunata kati ya milo bila ridhaa yao. Elimu iliyopatikana ilikuwa kubwa, na dhuluma iliyotumika kuipata ilikuwa kubwa vile vile. Funzo hilo la pili litarejewa hapo mbele.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba maradhi ya kinywa yanawasumbua karibu watu bilioni 3.5 ulimwenguni, na kwamba watatu kati ya kila wanne miongoni mwao wanaishi katika nchi za kipato cha kati. Kwa hiyo suala la meno si anasa ya matajiri. Ni suala la afya ya umma, na linastahili kupangiwa kama yanavyopangiwa malaria, kichocho na chanjo.

Fedha kidogo, njia nyingi

Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Zanzibar watu 1,889,773, na walio wengi wanaishi Unguja. Hapana ofisa yeyote anayetazamia kwamba kila shehia, kuanzia Nungwi hadi Makunduchi, itapata daktari wa meno na kiti chake. Mwananchi wa shamba mwenye jino bovu huvumilia kadiri awezavyo, hujaribu karafuu na dawa za kutuliza maumivu, na mwisho hupanda gari kwenda mjini, Mnazi Mmoja au kwingineko. Afikapo, mara nyingi jino limekwisha kuharibika kiasi kwamba kilichobaki ni kuling'oa.

Ofisa anayepanga bajeti anakabiliwa na mapendekezo mengi. Mmoja husema vinunuliwe viti vya meno na mashine za kuchonga. Wa pili husema litafutwe gari litakalozunguka vijijini. Wa tatu husema walimu wafundishe somo la usafi wa kinywa, basi inatosha. Wa nne husema skuli zipewe miswaki na dawa ya meno yenye madini ya floraidi. Wa tano husema magego ya watoto yazibwe mashimo yakiwa bado madogo. Kila mmoja ana hoja zake, na mwenye bidhaa ya kuuza huwa na hoja nyingi kuliko wengine. Fedha hazitoshi kufanya yote. Ofisa huyo anahitaji kujua lipi limejaribiwa, wapi, kwa watu gani, na likaleta matokeo gani. Ujuzi huo ndio uitwao ushahidi.

Funzo lililotoka hapa hapa Tanzania

Wapo wanaodhani kwamba ushahidi wa tiba ya meno ni lazima utoke Ulaya au Marekani. Historia inawakanusha. Katikati ya miaka ya 1980, huduma ya meno ya jamii iliyopangwa Tanzania kwa kufuata mfano wa nchi za Magharibi haikwenda vizuri. Mashine za kuchonga meno zinahitaji umeme wa uhakika, maji, vipuri na mafundi, na vijijini mambo hayo yalikuwa haba. Daktari wa Kiholanzi, Jo Frencken, aliyekuwa akifanya kazi na skuli ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, alianza pamoja na wenzake kujaribu njia nyingine: kukwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, kisha kuziba shimo kwa saruji inayoshika kwenye jino. Haikuhitaji umeme. Mara nyingi haikuhitaji hata sindano ya ganzi.

Njia hiyo ilijaribiwa baadaye Thailand na Zimbabwe katika miaka ya mwanzo ya 1990, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu katika Siku ya Afya Duniani ya tarehe 7 Aprili 1994, ambayo mwaka huo ilihusu afya ya kinywa. Leo inafundishwa katika vyuo vya mabara yote. Mwaka 2021 saruji inayotumika katika njia hiyo, iitwayo glasi-ayonoma, iliingizwa katika orodha ya Shirika hilo ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno ya floraidi na ile dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi ambayo hupakwa juu ya jino lililooza ili kuuzuia uozo usiendelee.

Hata hivyo, kujua kwamba njia fulani ni nzuri hakutoshi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 na de Amorim, Leal na Frencken yalionyesha kwamba katika meno ya utotoni, vizibo vya njia hii vilivyogusa upande mmoja tu wa jino vilidumu kwa asilimia 93 baada ya miaka 2. Lakini vilivyogusa pande mbili au zaidi vilidumu kwa asilimia 62 tu. Katika meno ya ukubwani, vizibo vya upande mmoja vilidumu kwa asilimia 80 baada ya miaka 5. Mapitio mengine, ya Cochrane ya mwaka 2017, yalisema kwamba kwa meno ya utotoni njia hii huenda ikashindwa mara nyingi zaidi kuliko kuziba kwa kawaida, na yakaongeza kwamba ushahidi wenyewe ni dhaifu.

Msomaji wa haraka atasema wataalamu wanapingana. Msomaji makini atauliza maswali. Je, ni jino gani? Shimo lina ukubwa gani? Mtoto yuko wapi? Kama njia ya pili iliyopo ni kiti chenye umeme na daktari karibu, hesabu ni moja. Kama njia ya pili ni koleo, hesabu ni nyingine kabisa. Hapo ndipo kazi ya kutafuta na kupima ushahidi inapoanza, na hapo ndipo msaada wa mashine unapoweza kufaa au kudhuru.

Mashine inaweza nini

Orodha ya maandishi ya utabibu iitwayo PubMed, ambayo iko wazi kwa kila mtu mwenye intaneti, ina maandishi zaidi ya milioni 35. Mpango wa Hinari, ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, huziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kuyasoma majarida mengi bila malipo au kwa malipo madogo. Kwa hiyo ofisa wa Unguja leo hanyimwi maandishi. Anachokosa ni muda. Hapana mtumishi mwenye zamu ya asubuhi, ripoti za mwezi na mikutano ya wilaya awezaye kusoma mukhtasari 2,000 ili apate tafiti 20 zinazomhusu.

Akili mnemba inaweza kuupunguza mzigo huo. Zipo programu zinazopanga maandishi kwa kufuata ukaribu wake na swali, ili yale yanayofaa yasomwe kwanza. Zipo zinazofupisha makala ndefu, zinazotafsiri Kireno cha Brazili au Kichina, na zinazotoa katika makala hesabu za watoto waliochunguzwa na muda waliofuatiliwa. Tangu Novemba 2022, ilipotolewa programu ya mazungumzo ya ChatGPT, mtu wa kawaida pia anaweza kuuliza kwa lugha ya kawaida na kujibiwa papo hapo. Mtumishi anayejua kuuliza anaweza kuifanya kwa siku mbili kazi iliyokuwa ikichukua mwezi.

Faida hiyo isidharauliwe. Kwa nchi yenye madaktari wachache wa meno, saa moja ya daktari iliyookolewa kwenye makaratasi ni saa moja iliyorudishwa kwa wagonjwa.

Mashine inakosea wapi

Kosa la kwanza ni kubuni. Programu ya mazungumzo imejengwa kwa kusoma maandishi mengi mno na kujifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Haitofautishi kwa asili yake kati ya makala iliyoko na makala inayofanana na iliyoko. Inaweza kutaja jina la mtaalamu wa kweli, jarida la kweli na mwaka unaoaminika, na makala yenyewe isiwepo popote duniani. Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, walizoletewa na programu ya aina hiyo. Mawakili walipoteza fedha na heshima. Ofisa wa afya atakayepanga dawa za watoto kwa kutegemea utafiti wa kubuni atasababisha hasara isiyolipika kwa faini.

Kosa la pili ni kuhamisha ushahidi kutoka mahali pake. Mfano uliopo karibu ni wa floraidi. Anayeuliza habari za floraidi na meno katika Tanzania ataletewa maandishi mengi ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, ambako maji ya sehemu nyingi yana floraidi nyingi kupita kiasi, na watoto huota meno yenye madoa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mashine isiyoulizwa vizuri inaweza kuhitimisha kwamba Watanzania wote waogope floraidi, na mwalimu wa Jambiani akawazuia wanafunzi wasitumie dawa ya meno inayowafaa. Lakini miamba ya volkeno ya kaskazini mwa Tanzania si mawe ya matumbawe ya Unguja. Maji ya kila kisima hujibu kwa kupimwa, hayajibu kwa kukisiwa kutoka maili mia kadhaa.

Kosa la tatu linahusu lugha na mazoea. Maandishi ambayo mashine hizi zimefundishwa kwayo ni ya Kiingereza kwa sehemu kubwa, na Kiswahili ni kidogo. Swali lililoulizwa kwa Kiswahili huweza kuletewa jibu jembamba kuliko lile lile lililoulizwa kwa Kiingereza. Aidha, ushauri unaotolewa huwa umeelekezwa kwa mtu mwenye bomba la maji nyumbani na duka la dawa mtaani. Mzee wa Donge anayetumia mswaki wa mti hatajwi. Ilhali mswaki huo umechunguzwa na wataalamu wengi na Shirika la Afya Duniani limewahi kuwahimiza watu wa nchi zenye desturi hiyo wautumie. Mswaki wa mti, ukitumiwa vizuri, huondoa ukoga. Usichoweza ni kuchukua nafasi ya floraidi iliyomo katika dawa ya meno. Vyote viwili vinaweza kukaa katika nyumba moja, na mtu hatakiwi kuacha desturi yake njema ili apate kinga.

Kwa sababu hizo, wenye kazi ya kupitia tafiti wamekwisha kuweka kanuni. Cochrane, taasisi iliyoundwa mwaka 1993 kwa ajili ya kukusanya na kupima ushahidi wa tiba, ilitoa mwaka 2025 msimamo wa pamoja na wenzake kwamba mashine inaweza kutumika, ila mwandishi wa mapitio ndiye atakayewajibika kwa kila neno lililomo. Mashine haina cheo, haina kiapo, na haiwezi kuitwa mbele ya kamati ijieleze.

Kisichoandikwa hakitafutiki

Kosa la nne ni zito kuliko yote, nalo si la mashine. Mashine hutafuta kilichoandikwa. Mwaka 1998 jarida la Community Dental Health lilichapisha utafiti wa Petersen na Mzee juu ya hali ya afya ya kinywa ya wanafunzi, kina mama na walimu wa Zanzibar. Utafiti huo ni hazina, kwani uliwahusisha walimu, kundi ambalo tafiti nyingi za meno hulisahau. Lakini watoto waliochunguzwa wakati ule sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Tangu hapo maduka yameongezeka, utalii umekua, soda na peremende zimefika hadi kwenye vibanda vya mwisho wa barabara. Ushahidi wa wakati ule hauwezi kubebeshwa mzigo wa kueleza vinywa vya leo peke yake.

Nao ushahidi wa leo upo, ila umelala. Upo katika daftari za vituo vya afya, ambamo huandikwa tarehe, jina na neno moja: "amengʼolewa". Mara nyingi halitajwi jino gani, wala umri wa mgonjwa, wala kama shimo lingeweza kuzibwa lingeonwa mapema. Upo katika kumbukumbu za walimu wanaojua nani hakuja skuli kwa sababu ya jino. Upo pia katika ripoti za afya za zamani zilizohifadhiwa Nyaraka za Taifa, Kilimani. Akili mnemba, hata iwe na nguvu kiasi gani, haiwezi kuisoma daftari iliyofungwa kabatini Kivunge.

Zanzibar haianzii sifuri katika jambo hili. Kupitia mpango wa Jamii ni Afya, watu wa kujitolea wa afya ya jamii huzitembelea nyumba za Unguja na Pemba wakiwa na simu zinazowaongoza katika kuuliza na kuandika habari za kina mama wajawazito na watoto wadogo. Maswali mawili matatu ya meno, yakitungwa na wataalamu na kujaribiwa kwanza, yangeweza kuleta hesabu ambayo haijawahi kupatikana: mtoto wa shehia fulani alianza kupigwa mswaki akiwa na umri gani, nyumbani mwao kuna dawa ya meno yenye floraidi au hakuna, na mara ya mwisho alilia jino lini.

Hapo ndipo funzo la pili la Vipeholm linapofaa. Habari za kinywa cha mtoto ni mali ya mtoto na wazazi wake. Ni lazima ridhaa iombwe, utafiti upate kibali cha wanaosimamia maadili ya utafiti wa afya Zanzibar, na majina yaondolewe kabla ya hesabu kupelekwa kokote. Hapana mtumishi anayepaswa kuingiza jina la mgonjwa, picha ya uso wake au namba yake ya simu katika programu ya mazungumzo ya kampuni ya nje, hata kwa nia njema.

Swali lililonyooka

Ndugu walimu, njia ya kuitumia mashine vizuri huanza kwa swali, na kuuliza swali ni kazi ya ualimu. Swali la kwamba "afya ya meno iboreshwe vipi?" litaleta jibu pana lisilofaa kitu. Swali linalofaa lina sehemu nne: ni kina nani, wafanyiwe nini, wakilinganishwa na nini, na matokeo gani yapimwe. Kwa mfano: "Kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili wa skuli za Unguja, je, kupiga mswaki skuli kila siku kwa dawa yenye floraidi, kukilinganishwa na somo la afya peke yake, hupunguza magego yaliyotoboka baada ya miaka 2?"

Swali hilo likiulizwa mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kila makala inayotajwa ikatafutwa yenyewe katika PubMed au Cochrane kabla ya kuaminiwa, picha itaanza kuonekana. Kwanza, mapitio ya Kay na Locker ya mwaka 1998 yatasema jambo ambalo walimu hawatalifurahia: somo la afya peke yake huongeza maarifa, lakini ushahidi kwamba hupunguza kuoza kwa meno ni haba pasipo floraidi. Pili, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2003, yaliyokusanya majaribio yapatayo 70 ya watoto zaidi ya 42,000, yatasema kwamba dawa ya meno yenye floraidi hupunguza kuoza kwa meno ya ukubwani kwa kiasi cha asilimia 24. Tatu, utaonekana mfano wa Ufilipino, ambako tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 wanafunzi wa skuli nyingi za umma hunawa mikono na kupiga mswaki kwa pamoja kila siku chini ya uangalizi wa walimu, na hupewa dawa ya minyoo kwa vipindi. Shughuli hiyo haihitaji daktari wa meno kuwepo.

Mtu wa Unguja atatambua mara moja kwamba jambo la Ufilipino si geni kwake. Walimu wa skuli za Zanzibar wamekwisha kugawa vidonge vya kichocho kwa wanafunzi, na tangu mwaka 2001 wananchi wa Unguja na Pemba waligawiwa dawa za kutokomeza matende nyumba kwa nyumba. Uzoefu wa kugawa, kuhesabu na kuandika upo. Mashine haikuwa na habari hiyo, au haikuiona kuwa inahusika. Ni mtu wa hapa ndiye aliyeunganisha mambo hayo mawili. Lakini mtu huyo huyo atauliza pia maswali ambayo Ufilipino haiwezi kumjibia. Je, skuli yenye zamu mbili itapiga mswaki saa ngapi? Maji yatatoka wapi pale mfereji unapokauka? Mwezi wa Ramadhani, kwa wanafunzi wanaofunga, ratiba itakuwaje? Je, dawa ya meno inayouzwa Darajani ina floraidi ya kiwango kinachoshauriwa, yaani sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, na imeandikwa hivyo kwenye kasha? Majibu ya maswali hayo hayamo katika intaneti. Yatapatikana kwa kujaribu katika skuli chache, kupima kabla na baada, na kuandika matokeo, hata yakiwa mabaya.

Wajibu wa kila mmoja

Ofisa wa mipango anapaswa kukataa andiko lolote la kuomba fedha za huduma ya meno lisiloonyesha ushahidi wake ulitoka wapi na ulikaguliwa na nani. Kama mashine ilitumika, isemwe; kama makala zilifunguliwa na kusomwa, isemwe pia. Daftari za vituo ziongezwe safu tatu tu: umri, jino gani, na sababu ya kung'oa. Safu tatu hizo, zikijazwa kwa mwaka mmoja katika vituo vyote vya Unguja, zitawafunza wapangaji mengi kuliko ripoti ndefu za wageni.

Mganga na tabibu wa meno wanapaswa kuwa waamuzi wa ubora wa ushahidi, kwa sababu wao wanaujua mkono na kifaa. Mashine inaweza kusema kwamba kizibo cha upande mmoja hudumu. Tabibu ndiye ajuaye kama saruji iliyohifadhiwa kwenye joto la stoo bado inafaa. Inaweza kusifu dawa ya madini ya fedha. Tabibu ndiye atakayemweleza mama wa Bumbwini, kabla ya kuipaka, kwamba sehemu iliyooza itageuka nyeusi, na kusubiri akubali.

Mwalimu anapaswa kulitazama gego la miaka 6 kama anavyolitazama daftari la hesabu. Awaeleze wazazi katika mkutano wa kamati ya skuli kwamba jino lile haliotei jingine. Azungumze na wauzaji wa ubuyu na kashata wa langoni bila kuwavunjia riziki, ili vitamu viliwe pamoja na chakula na visitafunwe mfululizo tangu asubuhi hadi jioni. Na awafundishe wanafunzi wakubwa, ambao tayari wana simu mikononi, kwamba jibu la mashine ni mwanzo wa kutafuta: jina la makala litafutwe, mwaka ukaguliwe, mahali pa utafiti pasomwe, ndipo neno lichukuliwe au liachwe. Stadi hiyo itawafaa katika meno, katika kilimo na katika kila jambo.

Mwaka huu, kama mwaka uliopita, maelfu ya watoto wa Unguja wataingia darasa la kwanza, na katika vinywa vyao magego mapya yatakuwa yanachomoza. Muda wa kuyalinda ni miaka michache ya mwanzo, kabla shimo halijafika kwenye uhai wa jino. Ushahidi wa kuyalinda umekwisha kupatikana kwa sehemu kubwa, mwingine ukiwa umetoka katika ardhi ya Tanzania yenyewe, na vyombo vya kuutafuta viko katika simu za watumishi. Kilichosalia ni watu wa kuuliza swali lililonyooka, kukagua jibu, kuhesabu meno ya hapa kwa uaminifu, na kupeleka fedha pale hesabu inapoelekeza.